Mashine ikibadilika, karatasi yake nayo ibadilike

Kwenye ma-depo ya kununulia madini pembeni ya mji wa Kolwezi, bei ya gunia haiamuliwi na macho ya mchimbaji wala ya mnunuzi. Inaamuliwa na mashine ndogo ya kushika mkononi, yenye umbo la bastola, ambayo mji mzima unaiita metorex. Mnunuzi anaielekeza kwenye jiwe, anabonyeza, na baada ya sekunde chache kioo chake kinaonyesha asilimia ya shaba na ya kobalti. Kutoka hapo ni hesabu tu: asilimia hii, bei hii, pesa hizi. Mchimbaji aliyelala shimoni usiku kucha hana neno la kuongeza.

Mwezi wa kwanza mwaka 2016, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya kobalti ya Kongo. Ndani yake ilionekana wazi kwamba ma-creuseurs hawana njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala ubora wa madini wanayouza. Wanapokea namba, wanapokea pesa, wanaondoka. Watu wengi wanasema udanganyifu uko mkononi mwa mwenye mashine. Unaweza kuwa huko. Lakini kuna mahali pengine ambapo namba inaweza kupotea bila mtu yeyote kukusudia kuiba: katikati ya jinsi mashine ilivyo na jinsi programu iliyo ndani yake inavyoamini kwamba mashine iko.

Hilo si fumbo. Mashine hiyo haioni kobalti. Inapiga jiwe kwa mionzi, na kila madini inajibu kwa nguvu yake. Kobalti inajibu kwenye kiloelektronivolti 6,93. Chuma kina majibu mawili, na la pili linaangukia kwenye 7,06, karibu kabisa na la kobalti. Mawe yenye kobalti mara nyingi yana chuma pia, basi programu inabidi itenganishe sauti mbili zinazokaribiana hivyo. Ili ifanye kazi hiyo, ni lazima ijue jicho lake lina ukali gani. Kama fundi alibadilisha jicho hilo wakati wa matengenezo, lakini maelezo ndani ya programu yakabaki ya jicho la zamani, chuma kinaweza kuhesabiwa kuwa kobalti, au kobalti ikahesabiwa kuwa chuma. Hakuna aliyeiba, lakini kuna mtu amelipwa pungufu.

Shida hii ni kubwa kuliko metorex. Inagusa kila mashine yenye kompyuta ndani yake, na leo Lualaba imejaa mashine za namna hiyo: malori ya machimboni, pampu za kutoa maji shimoni, mizani ya barabarani, vifaa vya umeme, simu zilizo mifukoni mwetu. Ndiyo maana inafaa kujifunza kwa watu wanaopambana na jambo hili kila siku kwa uwazi, yaani watengenezaji wa Linux, mfumo unaoendesha simu za Android na mashine nyingi za viwandani.

Kompyuta ya mezani inaweza kuviuliza vifaa vyake vingi: "Wewe ni nani?" Kifaa kinajibu, na kompyuta inatafuta programu ya kukisimamia. Programu hiyo inaitwa kiendeshi. Lakini ndani ya simu na mashine ndogo, vifaa vingi ni bubu. Havijibu. Mtu inabidi aandike mapema: hapa kuna kifaa cha kupima joto, waya wake unapita hapa, umeme wake ni huu, anwani yake ni hii. Maandishi hayo yanaitwa mti wa vifaa. Wazo lilitoka kwenye kompyuta za zamani za Sun na PowerPC. Mwaka 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika kwa ukali kwamba sehemu ya vichipu vya ARM imejaa vurugu, kila kampuni ikichomeka maelezo ya mashine zake ndani ya programu kwa namna yake. Baada ya hapo mti wa vifaa ukawa ndiyo njia ya kawaida kwa upande wa ARM.

Kwa kila aina ya kifaa kuna pia hati ya kanuni, inayosema: ukitaka kueleza kifaa hiki, tumia majina haya, vipimo hivi, mpangilio huu. Kwa miaka mingi hati hizo zilikuwa maandishi ya kawaida, yanasomwa na binadamu tu. Tangu mwaka 2019 zimeanza kugeuzwa, moja baada ya nyingine, kuwa maandishi ambayo kompyuta yenyewe inaweza kuyakagua. Na hapo ndipo aibu zilianza kutoka nje. Hati inasema waya wa kuamsha kifaa uitwe jina fulani, kumbe kiendeshi tangu zamani kinatafuta jina lingine. Hati inasema vipande viwili vya habari ni vya lazima, kumbe kiendeshi kinasoma kimoja tu. Hati imenyamaza juu ya jambo ambalo mashine elfu nyingi zinalitumia kila siku.

Swali likawa: nani arekebishwe? Jibu la haraka la mtu anayependa usafi ni kuandika hati upya, nzuri, yenye majina yaliyonyooka, halafu kila mtu afuate. Jibu hilo ni la hatari. Mti wa vifaa mara nyingi umeshachomwa ndani ya mashine siku ilipotoka kiwandani. Mashine hiyo imeuzwa, imesafirishwa, imefungwa ukutani mahali ambapo hakuna fundi wa kuifungua. Kesho ikipata programu mpya inayotafuta majina mapya tu, haitayaona majina ya zamani, na kifaa kitakufa kikiwa kizima. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa Linux wanauchukua mti wa vifaa kama mapatano: kilichokwisha kutumika shambani hakivunjwi kwa sababu ya uzuri wa karatasi. Anayeandika hati anaanza kwa kuangalia viendeshi vilivyopo vinasoma nini, na mashine zilizopo zimeandikwa nini. Hati ikitofautiana navyo bila sababu ya maana, hati ndiyo inayorudi kwenye meza.

Wako wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema karatasi inapaswa kueleza kifaa jinsi kilivyo kweli, si jinsi mwandishi mmoja wa programu alivyokielewa siku moja akiwa amechoka. Kiendeshi kikiwa na kosa, je, kosa hilo litawekwa kwenye kitabu na kuitwa sheria? Ni kweli kwamba kanuni za Linux zenyewe zinasema hati ieleze kifaa, isieleze kiendeshi. Kifaa kimoja kinaweza kusimamiwa na mifumo mingi tofauti, na hati ni ya wote.

Lakini hoja hizo mbili hazipigani mtu akifuata utaratibu. Jina jipya, sahihi, linaongezwa kwenye hati. Jina la zamani linabaki, likiwa na alama kwamba limestaafu na mashine mpya zisilitumie. Kiendeshi kinafundishwa kusoma yote mawili, kikianza na jipya. Mashine ya kesho inaandikwa vizuri, na mashine ya jana inaendelea kufanya kazi. Kinachokatazwa ni kubadilisha upande mmoja na kuusahau mwingine.

Wakaaji wa Kolwezi hawahitaji kompyuta ili waelewe jambo hili. Mabwawa ya umeme kwenye mto Lualaba yaliyojengwa miaka ya 1950 yaliitwa Delcommune na Le Marinel. Wakati wa Zaire yakapewa majina ya Nzilo na Nseke. Jina jipya ni halali, na hakuna anayetaka kurudia la mkoloni. Lakini michoro ya awali iliandikwa kwa majina ya zamani. Mtu akisafisha orodha ya kabati na kuyafuta kabisa, fundi wa leo anayetafuta mchoro wa Nseke hataupata, ingawa uko pale mbele yake chini ya jina la Le Marinel. Orodha nzuri inaandika Nseke, na pembeni inakumbusha jina la zamani.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Njia kubwa ya umeme inayotoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita karibu 1.700, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo njia ndefu kuliko zote duniani za umeme usiobadilika mwelekeo. Iliitwa Inga–Shaba, kwa sababu Katanga wakati huo iliitwa Shaba. Baadaye Shaba ikarudi kuwa Katanga, na mwaka 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Mitambo ya kugeuza umeme kwenye ncha zote mbili ilitoka kwa kampuni ya ASEA ya Uswidi. Mwaka 1988 ASEA iliungana na kampuni ya Uswisi ikawa ABB, na leo kazi hiyo ya ABB iko chini ya jina la Hitachi Energy. Mtambo mmoja, majina matatu ya mtengenezaji, majina matatu ya mahali. Na katikati ya miaka hiyo yote, vipande vya mitambo vilizeeka na vikabadilishwa, na mfumo wa kuviongoza nao ukafanywa upya.

Anayeweka mfumo mpya wa kuongoza juu ya vyuma vya zamani hawezi kufanya kazi kwa kuotea. Inabidi ajue kila swichi, kila waya, kila kipimo kama kilivyo leo, si kama kilivyochorwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kama mtu wa kabla yake alibadilisha kipande na hakuandika, mfumo mpya utaongoza kitu ambacho hakipo. Kwenye njia ya volti 500.000, kosa la namna hiyo linaweza kuzimisha mji au kumuua fundi.

Watu wa Linux walikutana na jambo lile lile la majina ya makampuni. Ndani ya mti wa vifaa, kila kifaa kina jina linaloanza na kifupi cha aliyekitengeneza. Kampuni ya vichipu ya Freescale ilinunuliwa na NXP mwaka 2015. Hata hivyo kifupi cha Freescale kingali kinatumika hadi leo katika maelezo ya vichipu vile, kwa sababu viendeshi na mashine zilizoko duniani zinakijua hivyo. Cheti cha kampuni kilibadilika, lakini mapatano na mashine hayakuguswa.

Jambo hili linaingia pia nyumbani. Kwa sababu ya delestage, familia nyingi na maduka ya Kolwezi vinategemea paneli za jua na betri. Betri za lithiamu ziko za aina mbalimbali. Zile zenye kobalti, kama zilizo ndani ya simu nyingi, kwa kawaida kila seli inachajiwa hadi volti 4,2. Zile za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata kidogo, zinaishia kwenye volti 3,65. Kwa nje zinaweza kufanana. Mashine ya kuchaji haijui tofauti mpaka iambiwe. Fundi akibadilisha betri bila kubadilisha maelezo yaliyo ndani ya chaja, chaja itaendelea kusukuma umeme kwa kipimo cha betri iliyokwisha kuondoka. Betri inavimba, na nyumba inaweza kuungua.

Kwenye Linux kuna hati maalum ya kueleza betri: aina ya kemia yake, ujazo wake, volti ya juu kabisa, nguvu ya kuchaji isiyopaswa kupitwa. Na kuna kanuni moja ndogo yenye busara kubwa. Kipimo kinaandikwa ndani ya jina lenyewe. Jina linasema kama namba hii ni ya mikrovolti au ya mikroampea, ili mwandishi wa hati asifikiri anaandika mili wakati kiendeshi kinasoma mikro. Kati ya mili na mikro kuna tofauti ya mara 1.000. Kobalti inayotoka kwenye ardhi ya Kolwezi inarudi Kolwezi ndani ya simu, na usalama wa simu hiyo unategemea mistari michache ya maandishi ambayo hakuna anayeyaona.

Basi nini kifanyike hapa?

La kwanza: mashine na karatasi yake vibadilishwe siku moja, na mtu mmoja aweke sahihi kwa vyote viwili. Kazi ya matengenezo isihesabiwe kuwa imekwisha wakati injini imewaka. Imekwisha wakati mchoro, daftari na maelezo yaliyo ndani ya programu yanasema kitu kimoja. Mafundi wa Kolwezi wanajua uchungu wa kurithi mashine ambayo aliyeitengeneza aliondoka na siri zake kichwani. Anayetengeneza bila kuandika anamkopa fundi atakayekuja kesho, bila kumwomba ruhusa.

La pili: ukaguzi usiachiwe macho peke yake. Linux haikuweza kuziona tofauti zake zote mpaka hati zake zilipoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzikagua. Makampuni ya Lualaba yana kompyuta za kutosha kulinganisha orodha ya vipande vilivyofungwa na orodha ambayo programu inavidhania. Mahali orodha zinapotofautiana, mtu aende akatazame kwa macho yake. Asichague kwenye kiti cha ofisi ipi ni ya kweli. Ni kama kwenye kadastre ya madini: ramani ikipingana na mawe ya mpaka, mpimaji anavaa viatu na kwenda porini.

La tatu: vitabu vya mashine viwe katika lugha ambayo fundi anaisoma. Machimbo ya Lualaba yana mashine kutoka China, Ulaya, Afrika Kusini na Marekani. Kitabu ambacho fundi hawezi kukisoma ni sawa na kitabu kisichokuwapo, na fundi atafanya kwa mazoea. Kifaransa ndiyo lugha ya masomo yetu, na Kiswahili ndiyo lugha ya karakana. Maelezo mafupi ya Kiswahili, yaliyobandikwa kwenye mlango wa mtambo na yanayolingana na mtambo wenyewe, yatasaidia kuliko kurasa elfu moja ndani ya kabati lililofungwa.

La nne linahusu metorex na mizani. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2025, serikali imeweka viwango vya kiasi cha kobalti kinachoruhusiwa kutoka nchini. Kila tani sasa ina hesabu yake, na kila asilimia ina mwenyewe. Katika hali hiyo si haki mashine inayoamua bei iwe siri ya upande mmoja. Kila mashine ya kupimia iwe na karatasi yake: ilisawazishwa lini, kwa jiwe gani la mfano, ilitengenezwa wapi, jicho lake lilibadilishwa lini, inapima katika mpangilio wa madini au wa kitu kingine. Jiwe la mfano, ambalo asilimia yake inajulikana, liwekwe wazi mezani. Ushirika wa wachimbaji uwe na haki ya kusema: pima hili kwanza, tuone. Mashine ikisoma sawa, magunia yafuate. Isiposoma sawa, hakuna haja ya kugombana wala kurushiana matusi. Namba yenyewe imeshasema.

Vyuo vya ufundi navyo vina sehemu yao. Hati za Linux ziko wazi kwa kila mtu, bila malipo. Mwanafunzi wa Kolwezi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kubahatisha anaweza kuchukua hati moja ya zamani, kuisoma pamoja na kiendeshi chake, kutafuta mahali vinapopishana, na kutuma masahihisho. Kazi hiyo haina sifa kubwa na haitangazwi redioni. Lakini inamfundisha kijana tabia ambayo kila chimbo na kila kituo cha umeme kinaihitaji: kutoamini karatasi kwa sababu imepigwa muhuri, na kutoamini mashine kwa sababu inawaka, mpaka viwili hivyo vilinganishwe.

Kolwezi imeishi kwa mashine zaidi ya miaka 80. Imeona makampuni yakija na kuondoka, majina yakibadilika, wataalamu wakipanda ndege na funguo zao mfukoni. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa chuma bila maelezo, au maelezo bila chuma. Lualaba haiwezi kuzuia kila mashine isizeeke. Inaweza kukataa kwamba mashine izeeke bila kuandikwa. Na mahali pa kuanzia ni pale pale kwenye depo, mbele ya mchimbaji anayesubiri namba yake, kwa kumwonyesha karatasi ya mashine na jiwe la mfano kabla ya kumwonyesha bei.